Kingo za Picha ni Mali ya Nani?

Iko hoja moja inayobishaniwa sana na watu wapendao sinema, nayo ukiitazama juu juu yaonekana kuwa ni hoja ya mafundi tu: Je, yafaa sinema iliyotengenezwa kwa umbo fulani ikatwe kingo zake ili ienee katika kioo cha televisheni cha nyumbani? Sisi twaona kwamba ndani yake imo hoja nyingine iliyo kubwa zaidi: mtu akiisha kuwapa watu kazi ya mikono yake, je, ana haki ya kuipunguza tena apendavyo? Twawaomba wasomaji watufuate polepole tuipime.

Kwanza yapasa kujua jambo hili lilivyoanza. Picha za sinema za zamani zilikaribia kuwa mraba: kimo kikiwa 3, upana ulikuwa 4. Televisheni zilipotengenezwa zikafuata umbo hilo hilo. Basi watu wa Marekani wakaanza kukaa nyumbani jioni, na wenye majumba ya sinema wakaona viti vyao vitupu. Ndipo mwaka 1953 kampuni ya 20th Century Fox ilipotoa The Robe kwa njia mpya iitwayo CinemaScope, ambayo picha yake ilikuwa pana mno, ili watu wapate kuona kitu kisichoweza kuingia nyumbani mwao. Baada ya muda kadiri iliyozoeleka ikawa upana wa 235 kwa kimo cha 100.

Lakini sinema hizo nazo zikaja kuonyeshwa katika televisheni, na baadaye kuuzwa katika kanda za video. Hapo zilitumika njia mbili. Njia ya kwanza ni kuipunguza picha nzima mpaka upana wake uingie katika kioo, na kuacha utepe mweusi juu na chini. Njia ya pili ni kuikata kando. Hesabu yake si ngumu: katika upana wa 235 hubaki 133 tu, yaani sehemu zaidi ya 4 katika kila 10 hutupwa.

Wenye kutetea kukata wana neno lao, wala hatutaki kulidharau. Husema, "Nimenunua kioo kizima; mbona nitazame weusi juu na chini? Tena kioo changu ni kidogo, na nyuso za watu zimekuwa kama punje za mtama." Ni kweli, tena si kila mtu aweza kununua kioo kikubwa. Lakini huyu alitaka kutazama nini, kioo au sinema? Mpiga picha akimweka mtu mmoja upande wa kulia kabisa na mwingine kushoto kabisa, na katikati pakawa patupu, utupu ule nao wasema neno: watu hawa wametengana. Zikikatwa kando, mmoja hubaki akizungumza na hewa. Sisi walimu twalifahamu jambo hili kwa vitabu. Ukurasa ukikatwa pembeni ili uingie katika sanduku dogo, kila neno linalobaki ni la mwandishi, wala hapana lililoongezwa. Hata hivyo sentensi si zake tena.

Televisheni zilipopanuliwa, mambo yaligeuka tu, hayakuisha. Vioo vya siku hizi ni 16 kwa 9, na sasa picha za zamani ndizo zionekanazo nyembamba. Mwezi wa Novemba 2019 Disney+ ilipoanza kuonyesha katuni za The Simpsons, zile za zamani zilikatwa juu na chini ili zijaze kioo. Katika moja palikuwa na matangi matatu ya bia yenye majina mbalimbali, na mzaha wote ulikuwa huko juu, mahali bomba moja lilipoyajaza yote matatu. Bomba likakatwa, mzaha ukafa. Waliotazama kwa mara ya kwanza hawakuweza kujua kwamba palikuwa na cha kuchekesha. Watu walionung'unika ni wale waliokumbuka, na mwezi wa Mei 2020 umbo la asili likarudishwa kwa alitakaye.

Hata hapa hukumu si ngumu, maana mkataji ni mtu mwingine. Ugumu huja pale mkataji awapo mwenye kazi mwenyewe. Bwana Vittorio Storaro wa Italia ni mpiga picha mashuhuri. Apocalypse Now ya mwaka 1979, iliyoongozwa na Francis Ford Coppola, na The Last Emperor ya mwaka 1987, iliyoongozwa na Bernardo Bertolucci, zote mbili zilimpatia tuzo ya Oscar, na zote zilionyeshwa kwa picha pana. Mwaka 1998 Bwana Storaro alitoa shauri kwamba sinema zote, na televisheni pia, ziwe na umbo moja, upana mara mbili ya kimo, ili asiwepo tena mtu wa kukata. Alipenda kutaja mfano wa Karamu ya Mwisho, picha aliyoichora Leonardo da Vinci ukutani huko Milan, ambayo upana wake ni kama sentimeta 880 na kimo 460. Shauri lilikuwa na nia njema. Lakini alitaka kazi za zamani nazo zilifuate. Diski za Apocalypse Now zikatoka zimekatwa, na mwaka 2008 diski ya The Last Emperor vivyo hivyo. Katika kila 235, sehemu 35 zikaachwa nje.

Wengi walilalamika. Wengine wakawajibu, "Ni kazi yake. Nani amjuaye mtoto kuliko mzazi?"

Jibu hili lina nguvu, lakini halitoshi. Mtu akichonga kinu akamwuzia jirani, hawezi kurudi usiku akapunguza mdomo wake kwa sababu amepata wazo jipya. Achonge kingine. Tena sinema si kinu cha mchongaji mmoja: wamo mwongozaji, waigizaji, waliojenga nyumba na kushona mavazi. Mtu atasema kwamba diski ni nakala tu, wala Bwana Storaro hakuingia nyumbani mwa mtu. Ni kweli, na kwa hiyo hatusemi kwamba kufanya nakala ya pili ni kosa. Kosa ni kuiuza ya pili kwa jina la ya kwanza, na ya kwanza isipatikane. Aliyeona sinema ile zamani aweza kulalamika. Kijana aliyezaliwa baadaye hawezi, maana hajui kilichopungua. Na mtu asiyejua kwamba amepunguziwa hana mahali pa kudai.

Picha ile ile ya Leonardo yatufundisha. Mwaka 1652 watawa wa nyumba ile walitoboa mlango katika ukuta, na miguu ya Yesu, iliyochorwa chini ya meza, ikaondoka pamoja na mawe. Hatudhani waliichukia picha. Walihitaji mlango, kama mwenye televisheni ahitajivyo kujaza kioo. Leo twajua miguu ile ilivyokuwa kwa sababu zilibaki nakala zilizochorwa mapema, mojawapo ya Giampietrino, ya karibu mwaka 1520. Ukuta haukuweza kurudishwa. Sinema ina heri kuliko ukuta, maana filamu ya asili ikitunzwa, kilichokatwa hurudi: mwaka 2010 Apocalypse Now ilitolewa tena katika diski kwa upana wake wote.

Basi neno letu ni hili. Mwenye kazi na aibadili akitaka, lakini aseme wazi kwamba ameibadili, na ile ya kwanza aiache mahali watu waweza kuifikia. Nasi watazamaji tuna wajibu wetu. Televisheni nyingi zina kitufe cha kuivuta picha mpaka ijaze kioo, na katika nyumba na vibanda vya video huonekana watu wembamba waliofanywa wanene, na magurudumu yaliyokuwa duara yakawa kama mayai. Mwenye kibanda aurudishe umbo lake, na akiulizwa habari za utepe mweusi, awaambie watu kwamba picha inaishia hapo.