Hadithi Tamu na Ushahidi wa Kweli

Je, mkristu atenda vibaya akisoma hadithi ya kubuniwa juu ya mambo ya dini? La. Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe alifundisha kwa mifano, wala hakuna aliyekwenda Yeriko kumtafuta yule Msamaria mwema. Hadithi hugeuka mtego pale mtungaji anapoiita ushahidi.

Mwaka 2003 Mwamerika Dan Brown alitoa kitabu The Da Vinci Code, nacho kikafanywa sinema mwaka 2006. Ni hadithi ya mauaji na siri. Lakini mwanzoni mwa kitabu palipigwa chapa ya kwamba chama kilindacho siri hiyo ni chama cha kweli, kilichoanzishwa mwaka 1099. Kumbe chama hicho kiliandikishwa Ufaransa mwaka 1956 na Pierre Plantard na wenzake, na hati za kukizeesha zilikuwa za uongo. Tena mmoja wa watu wa hadithi asema kwamba wafuasi wa Yezu walimhesabu kuwa mtu tu, hata maaskofu wakapiga kura awe Mungu katika Mtaguso wa Nisea, mwaka 325.

Neno hilo lagusa mzizi wa ubatizo. Siku ile mkatekumeni ataulizwa kama amsadiki Yezu Kristu, Mwana wa Mungu. Ikiwa imani hiyo ilibuniwa kwa kura, jibu lake ni bure.

Basi afanyeje? Asiogope wala asikasirike. Afanye kama wazee wa Zongwe penye shauri la shamba: nani aliona, nani alisema, na lini? Mashahidi wapo. Mtume Paulo, aliyeandika kabla ya kutimia miaka 40 tangu msalaba, alimwita Yezu Bwana na kumwomba. Plinio, liwali wa Kirumi asiye mkristu, alimwandikia Kaisari Trayano yapata mwaka 112 kwamba wakristu hukutana alfajiri kumwimbia Kristu kama mungu. Ni miaka 200 na zaidi kabla ya Nisea. Maaskofu walikusanyika kwa sababu Ario alifundisha kwamba Mwana aliumbwa. Wakaikiri imani waliyoipokea.

Kapiteni Joubert alifika Mpala mwaka 1887, akawalinda watu na wawinda watumwa. Mtu akisimulia kwamba alizika huko sanduku la dhahabu, wasikilizaji watafurahi. Akiapa kwamba ni kweli, watamdai shahidi. Kipimo hicho ni cha wote, hata cha mtungaji aipendaye Eklezia: muujiza wa kubuniwa hauwi kweli kwa kuwa wawasifu watakatifu.

Basi mtungaji aliyeita ubunifu wake ukweli ana hatia yake, na msomaji asiyeuliza hujipoteza mwenyewe. Mkatekumeni mwenye shaka na amwendee katekista au padri mapema, kwa maana swali lililoulizwa huponyeka, bali shaka iliyofichwa huota mizizi.