Sindano ya Kichina na Imani ya Mgonjwa

Nilipomwambia dada yangu kwamba goti langu natibiwa kwa sindano za Kichina, hakuuliza kama zinauma. Aliuliza: "Kaka, hiyo nguvu wanayosema inapita mwilini, si shirki hiyo?" Swali hilo ni zito, na najua Waislamu wengi wa pwani wanalo moyoni. Jibu langu ni hili.

Mafundisho ya tiba hiyo yamo katika Huangdi Neijing, kitabu kilichokusanywa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwa mtindo wa mazungumzo kati ya Mfalme wa Manjano na tabibu wake, Qi Bo. Humo tunaelezwa kwamba uhai wa mwili ni qi, nayo hupita katika njia kuu 12. Ikikwama huleta maumivu, na sindano huifungulia njia. Lakini qi haiombwi, haitolewi kafara wala haiandaliwi chano. Kitabu hicho hicho kinasema mtu aliyeng'ang'ania mizimu hafai kuzungumziwa habari za elimu hii. Waliokiandika walikuwa wanauhama uganga wa pepo.

Nami niliyaona hayo kwa macho yangu. Tabibu alipapasa chini ya pia ya goti, akapima upana wa vidole vinne, akachoma kando ya mfupa wa muundi, mahali wanapopaita Zusanli. Sindano yenyewe nyembamba kama unywele. Akaizungusha taratibu, mguu ukawa mzito, ganzi ikashuka mpaka wayo. "Imefika?" akauliza, akimaanisha qi. Basi. Hakunuizia kitu, hakufukiza ubani, hakutaka jina la mama yangu.

Tena, si mara ya kwanza kwa Waislamu kupokea tiba ya watu wa imani nyingine. Tabibu Ibn Sina aliijenga Qanun, kitabu chake cha tiba, juu ya elimu ya Galen, tabibu Mgiriki asiyekuwa Mwislamu, pamoja na nadharia yake ya majimaji manne ya mwili. Nadharia hiyo leo imeachwa na tiba ya kisasa, lakini kuichukua tiba ya Galen hakukuhesabiwa kuwa kufuru kwa Ibn Sina.

Swali gumu zaidi ni la ukweli. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,162 wa maumivu ya mgongo. Baada ya miezi sita, kati ya waliochomwa kwa kufuata njia za qi, waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6. Kati ya waliochomwa juu juu, nje ya njia hizo, asilimia 44.2. Kati ya waliotibiwa kwa dawa na mazoezi ya kawaida, asilimia 27.4. Maana yake nafuu ipo, ila ramani ya zile njia haikuthibitika. Huenda mgonjwa anasaidiwa na mchomo wenyewe, na utulivu, na matumaini, na mkono wa mtu anayemjali.

Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia. Mgonjwa halazimiki kuiamini qi ndipo apate nafuu, kwa hiyo imani yangu haidaiwi kitu. Sindano ni sababu, kama kidonge kilivyo sababu. Mponyaji ni Mwenyezi Mungu. Shirki ingekuwa kuiona sindano inaponya kwa uwezo wake yenyewe, na kosa hilo mtu anaweza kulifanya hata kwa panadoli.

Ninachokiogopa ni kingine: mtu kuacha dawa za sukari au presha kwa kuahidiwa kwamba sindano zitamaliza kila kitu. Mwili ni amana, na kuupuuza ni dhambi isiyohitaji mzimu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujalala kitandani kwa tabibu wa sindano hakikisha mambo matatu: hospitali imekwisha kukwambia unaumwa nini; sindano ni mpya na zinafunguliwa mbele yako; na tabibu hakuamuru uache dawa zako. Yakitimia hayo, sema Bismillahi, unyooshe mguu.