Pipi za Idi na amana ya meno ya watoto

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, Idi ni siku ya furaha na sina nia ya kumnyang'anya mtoto pipi yake. Anas bin Malik (r.a) amesimulia, katika Hadithi iliyopokewa na Imam Bukhari, kwamba Mtume (s.a.w) hakuwa akitoka kwenda kuswali Idil Fitri mpaka ale tende kadhaa. Basi utamu siku ya Idi una asili yake. Lakini tende zile zilikuwa za kuhesabika, na mlaji wake hakuachana na mswaki hata katika maradhi yake ya mwisho, pale Bi Aisha (r.a) alipomlainishia kijiti akakipitisha menoni.

Sasa tutazame hali yetu hapa Tabora. Kuanzia Idi mosi asubuhi hadi Idi pili usiku, watoto wa Gongoni, Isevya na Ng'ambo huzunguka nyumba kwa nyumba wakipewa mkono wa Idi. Sarafu haifiki nyumbani. Inaishia gengeni: pipi, jojo, ubuyu wa rangi, soda. Mdomo haupumziki. Usiku mtoto analala pipi ingali shavuni, na mama anasema, "Mwacheni, kachoka."

Hapo ndipo penye madhara. Vijidudu vya mdomoni hula sukari ile na kutoa tindikali inayomomonyoa jino. Mate hurekebisha, lakini yanahitaji muda, nusu saa au zaidi. Mtoto aliyekula pipi tano kwa mkupuo baada ya pilau ameshambuliwa mara moja. Aliyezimung'unya mojamoja toka adhuhuri hadi magharibi ameshambuliwa mchana kutwa. Na usingizini mate hupungua, ndiyo maana kulala bila mswaki ni kubaya kuliko yote.

Nawasikia wanaosema, "Hayo ni meno ya utoto, yatang'oka tu." Si yote. Mtoto akifikia miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto huota gego ambalo halikumng'oa mwenziwe. Linaingia kimyakimya, na mzazi analihesabu kuwa ni la utoto. Kumbe hilo ni la maisha. Likioza likang'olewa, halioti jingine. Tena hata hilo la utoto likioza linauma, mtoto hali, halali, wala madrasa haendi.

Wengine, kwa kuwa mkoa wetu ni wa asali, humpa mtoto asali badala ya pipi na kutoa hoja ya Suratun Nahl kwamba ndani yake mna ponyo. Tumeamini. Lakini asali inanata na ina sukari tele, na aya haikutuambia tulale nayo menoni. Ibn Abbas (r.a) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w) alikunywa maziwa, akataka maji akasukutua, akaeleza kuwa yana mafuta. Ikiwa maziwa yalisukutuliwa, itakuwaje kwa tofi?

Uislamu ulitufikia huku bara karne ya 19 kwa misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Kanzu tumeishika, pilau tumeishika barabara. Mswaki tumewaachia wazee wa safu ya mbele.

Ewe mzazi, pipi zikusanywe nyumbani, mtoto ale baada ya chakula, kisha asukutue kwa maji. Kabla ya kulala, hata kama takbira na wageni vimekuchosha, mpige mswaki wewe mwenyewe, kwani mtoto wa chini ya miaka 7 hajui kuufikisha kule nyuma liliko gego. Dawa iwe yenye floridi, kiasi cha punje ya njegere kwa aliyetimiza miaka 3, chembe ya mchele kwa mdogo zaidi. Kijiti ni Sunna tukufu, ila kwa mtoto brashi laini inafanya kazi ile ile.

Na sisi wanaume tunaotoka kuswali Idi mifuko imejaa pipi za kuwagawia watoto wa wenzetu, tutoe moja moja. Sarafu tumkabidhi mama yake.

Wabillahi tawfiiq.