Neno Hifadhi

Yeyote apandaye kwa miguu kutoka mjini Morogoro hadi Morningside, penye ile nyumba kongwe ya Wajerumani, hukutana na neno moja katika hali tatu: chini, watoto wa chuoni wanaohifadhi sura zao kwa sauti, mkononi mwake, simu inayomwuliza kama ahifadhi picha aliyoipiga, na juu, ukingoni mwa msitu, Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, yenye hekta zipatazo 24,000. Nilipokuwa nikipanda, pumzi zikinipungua, lilinijia swali nisiloweza kuliacha njiani: je, neno hilo lina maana moja mahali pote patatu, au sisi wenye lugha, kwa haraka ya kutafuta istilahi za vyombo vipya, tumeipa mashine cheo kisicho chake?

Asili ya neno ni Kiarabu, nalo lina uzito wa dini tangu hapo: Al-Hafidh ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu, na hafidh ni yule aliyeichukua Kurani nzima moyoni. Mtoto anayehifadhi hawi sanduku la maneno. Aya alizozibeba nazo humbeba, na akizihalifu hulaumiwa zaidi ya asiyezijua. Msitu nao, ukihifadhiwa, haukai kimya kama mali ya kabatini, bali hunyonya mvua na ukungu, ukaulisha mto Ruvu, hata Dar es Salaam wakanywa watu ambao Uluguru hawajauona. Ama ndani ya simu mna chembe za umeme zilizonaswa katika vijumba vidogo mno, zikasomwa kwa sifuri na moja. Sura ya mama mzazi na bei ya kabichi za Mgeta hukaa humo kwa adabu ile ile.

Watu husema pia kwamba setilaiti inatuona. Nimelisikia hilo hata barazani, kwa watu wazima, na nakiri liliniudhi, maana kuona kila kitu ni sifa tuliyofundishwa tangu utotoni ni ya nani. Setilaiti za Marekani za kuonyesha mahali, zizungukazo kiasi cha kilomita 20,200 juu yetu, hazimwoni mtu wala mlima. Kazi yao ni kunadi saa, kila moja ikitaja wakati wake na mahali ilipo, nayo simu, ikizisikia nne kwa uchache, hulinganisha jinsi mawimbi hayo yalivyochelewa, ikakokotoa yenyewe ilipo. Ni mithili ya mtu gizani asikiaye adhana za misikiti minne akajua yuko mtaa gani, wala hapana mwadhini hata mmoja aliyemwona.

Kwa njia hiyo mpaka wa shamba siku hizi waweza kuwa orodha ya tarakimu. Kwa Waluguru, ambao ardhi yao kwa desturi hufuata ukoo wa mama, mtu aliujua mpaka kwa kuwa mjomba alimpitisha hapo kwa miguu, akamwonyesha mti, na jiwe, na kaburi, akamwambia ni la nani. Mwenye haraka atasema tarakimu ni bora, kwani mjomba hufa, na pengine husema uongo. Kweli, husema uongo; na hapo hasa ndipo ilipo tofauti niliyokuwa nikiitafuta. Aliyekabidhiwa amana aweza kuikhini, ndiyo maana tunamsifu akiitunza. Simu huharibika, huibwa, hutumbukia chooni, lakini haikhini. Na kisichoweza kukhini hakiwezi kuwa amini, hata kikidumu miaka elfu.

Siliombi Baraza la Kiswahili lilifute neno, maana watu wamekwisha kulizoea, na kuazimana maneno si dhambi. Nataka tu aliyeazimwa asisahau kwamba ameazimwa.

Niliposhuka, wingu lilikuwa limeifunika minara ya mawasiliano kileleni Bondwa. Pale chuoni mvulana mmoja alikwama katikati ya aya. Alinyamaza, akakunja uso, akatazama mkeka. Mwalimu, ambaye aliijua, hakumtajia. Na wenzake, mmoja mmoja, nao wakanyamaza.