Kuongoza Polisi kwa Ushahidi: Je, Ni Haki?

Je, kiongozi wa polisi ana haki ya kufanya jaribio juu ya usalama wa raia? Mwaka 1972, polisi wa Kansas City, Marekani, waligawa maeneo 15 katika mafungu matatu: matano yaliondolewa doria ya kawaida, polisi wakifika walipoitwa tu, matano yaliongezewa doria, matano hayakubadilishwa. Baada ya mwaka mmoja, haikuonekana tofauti kubwa katika uhalifu wala katika hofu ya wakazi.

Mwanzoni niliona huku ni kuwachezea watu. Sasa nasema: anayeongoza kwa mazoea naye anafanya jaribio, ila hapimi matokeo yake. Hata hivyo, takwimu humwonyesha kinachofaa. Kilicho haki awaulize wananchi.