Sababu na Kosa

Kijana mmoja tuliyemfundisha hapa Arua, mwenye miaka 24 na mchezaji hodari wa mpira, alishikwa na homa ya jioni isiyopanda sana wala kukoma. Alimeza dawa za malaria mara tatu. Wiki ya tano alianza kutweta, na daktari akasikia moyoni mvumo usiokuwapo zamani. Damu yake ilipopimwa ilikutwa na bakteria: walikuwa wamejenga katika vali, vile vijilango vya moyo.

Wakati huo jamaa zake walikwisha kukaa baraza. Nani amekasirishwa naye? John Middleton, katika kitabu chake cha 1960 juu ya dini ya Walugbara, alieleza jinsi uchungu wa mzee wa ukoo ulivyoaminiwa kusikiwa na mizimu, nayo ikaleta maradhi. Je, sisi wasomi tuliwazidi? Tulimwuliza kijana alilala wapi, alikunywa nini, alifuatana na nani. Lilikuwa baraza lile lile, ila kwa Kiswahili sanifu.

Bakteria wa namna hiyo mara nyingi hutoka kinywani, wanamokaa kwa kila mtu. Hupenya ufizi hata kwa kupiga mswaki, na mwili huwamaliza upesi. Vali iliyoharibiwa zamani huwanasa kwa urahisi zaidi. Lakini mara chache hata vali nzima hushambuliwa. Kabla ya penisilini karibu wagonjwa wote walikufa.

Neno "sababu" tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao asili yake ni kamba. Kamba hiyo hufunga tukio kwa tukio. Kosa hufunga tukio kwa mtu aliyeweza kutenda vingine. Maradhi haya yalikuwa na sababu. Kosa la mgonjwa hatukuliona. Kosa lililokuwapo, tukubali, lilikuwa letu: wiki tano za kumhoji badala ya kuhimiza damu yake ipimwe.

Alilazwa wiki 6, akitiwa dawa mshipani. Mama yake alituuliza uani: "Mwalimu, mwanangu alifanya nini?" Tukamjibu kuwa hakufanya neno. Tulidhani tunamtua mzigo. Kumbe kosa lina fidia, lina tambiko, lina wa kuombwa radhi. Nasi tulikuwa tumemwachia mama yule homa tupu, isiyo na wa kusemezana naye. Alijifunga kanga vizuri, akarudi wodini kumlisha mwanawe uji.