Mji Ni Kuta au Ni Watu?

Katika darsa yetu liliulizwa swali ambalo hatukuona haki kulifungia ndani: mtu aliyerithi nyumba katika Mji wa Kale wa Mombasa, je, ana uhuru wa kuifanya apendavyo? Wako waliosema kuwa mali ni yake, na mwenye mali haulizwi. Wako waliosema kuwa nyumba ya mjini haiwi ya mtu mmoja kabisa, kwani ukuta wake umeegemea ukuta wa jirani. Sisi twaelekea kwa hawa wa pili, na yatupasa kueleza sababu.

Tutazame kwanza mji ulivyopangwa. Njia zake ni nyembamba, nyumba zimekaribiana, na mbele ya nyingi kati ya hizo pana baraza. Mgeni huiona baraza kuwa ni pambo. Lakini baraza ina kazi: hapo wazee huketi baada ya alasiri, mtoto wa jirani huonekana na kukanywa, mpita njia hutolewa salamu, na mgonjwa asiyetoka siku mbili huuliziwa. Hapana aliyeajiriwa kuyafanya haya. Mpango wa njia ndio uyawezeshao, maadamu pana watu wanaokaa.

Mwaka 1990 Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa. Hilo ni jema, wala hatulidharau. Lakini sheria ya namna hiyo hulinda zaidi kile kionekanacho kwa macho. Yaweza kumzuia mtu asivunje roshani ya mbao. Haiwezi kumleta mtu akaketi chini yake. Nyumba ikigeuzwa ghala, hufungwa jioni, na baraza yake huwa jiwe tu.

Wenzetu wa Unguja wana mafunzo mawili katika jambo hili. Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali na kupangishwa. Watu walikuwamo, lakini matengenezo hayakutosha, na nyumba kadha wa kadha zikaanguka. Kisha ikaja zama ya watalii. Mji ukaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na nyumba si chache zikawa hoteli. Kuta zikapata mwenye kuzitengeneza, lakini mgeni wa siku tatu hawezi kuwa jirani. Basi watu bila ya matengenezo, na matengenezo bila ya watu, vyote viwili ni hasara.

Huenda mwenye nyumba akatujibu: “Chokaa na boriti ni ghali, warithi ni wengi, na mwenye ghala hulipa zaidi.” Jawabu hili ni la haki, na wapangaji wa miji wasilipuuze. Anayemkataza mjane kutumia simiti na bati, kisha asimsaidie kununua chokaa, amemtwika mtu mmoja mzigo wa mji mzima. Ikiwa uzuri wa mji ni faida ya wote, gharama yake nayo iwe ya wote.

Lakini mwenye nyumba naye asijifiche nyuma ya haki yake. Wanazuoni wa fikihi waliijua haki ya shufa, yaani haki ya kutangulizwa katika kununua sehemu inayouzwa. Katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na wengi wa pwani hii, haki hiyo ni ya mshirika katika mali; Mahanafi waliifikisha hata kwa jirani. Hatusemi kwamba kila jirani leo ana dai mbele ya kadhi. Twasema kwamba hao waliotambua kuwa mauzo ya mtu mmoja yaweza kumdhuru mwingine walikuwa wakijua mji ni nini.

Basi rai yetu ni hii. Mwenye kuuza au kupangisha na aanze kwa kuwauliza jirani zake, na aiweke mbele familia itakayokaa, hata kwa kodi ndogo kidogo. Na mpangaji wa mji, akiisha kuhesabu milango ya nakshi, apite tena baada ya Isha ahesabu madirisha yenye taa. Hesabu hii ya pili ndiyo itakayomwambia kama mji ungali hai.